WAJIBU WA WAZAZI KATIKA KUWATAMBUA NA KUWASAIDIA VIJANA WANAOTUMIA POMBE NA DAWA ZA KULEVYA

Taarifa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote

Utangulizi

Wananchi wanakumbushwa kwamba malezi ya vijana ni dhamana ya wazazi kabla ya kuwa dhamana ya skuli, ya Polisi au ya chombo kingine chochote cha Serikali. Katika suala la pombe na dawa za kulevya dhamana hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu mabadiliko ya kijana anayeanza kutumia vitu hivyo huonekana nyumbani mapema kuliko mahali pengine popote. Mwalimu humwona kijana kwa saa chache, akiwa pamoja na wenzake wengi. Askari humwona siku ambayo mambo yameshaharibika. Mzazi humwona akiamka, akila, akitoka, akirudi na akilala.

Hata hivyo, mara nyingi mzazi huwa wa mwanzo kuona na wa mwisho kukubali. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kuamini kwamba balaa hilo ni la watu wa mahali pengine. Ya pili ni aibu: khofu kwamba jambo likijulikana, jina la ukoo litachafuka na binti wa nyumba hiyo hatoposwa. Kwa sababu hizo mbili miezi hupita, na kijana ambaye angeweza kuzuiwa kwa mazungumzo huja kuhitaji hospitali. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Makala haya yanaeleza vitu vinavyotumika, dalili zake, namna ya kuzungumza na kijana, mambo ya kuepukwa, hatua za dharura, na mahali pa kupata msaada.

Tatizo halina mji wala kijiji

Unguja na Pemba wapo wanaolihesabu tatizo hili kuwa ni la mitaa michache ya mjini, au kuwa limeletwa na bandari na utalii. Kwa upande wa Bara, wapo wanavijiji wanaolihesabu kuwa ni la Dar es Salaam na la watu wa pwani. Ndiyo maana inafaa kuutazama mfano wa mahali palipo mbali kabisa na bahari, nao ni kata ya Isansa katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Mbozi ni wilaya ya wakulima wa kahawa na mahindi. Mgeni apitaye katika mashamba hayo angeweza kudhani kwamba ni mahali pasipofikiwa na mambo ya aina hii. Lakini wilaya hiyo inapitiwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia pamoja na reli ya TAZARA, na njia zote mbili huingia Zambia kupitia Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo kila siku. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha biashara halali, lakini njia ipitishayo mafuta na mbolea inaweza kupitisha pia vitu vilivyofichwa. Mwezi wa Disemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Mkoa wa Iringa unapitiwa na barabara hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, hatari iliyo karibu zaidi na mtoto wa Isansa haihitaji lori. Katika nyanda hizo pombe ya komoni hupikwa majumbani, na gongo, ijapokuwa imekatazwa na sheria, hutengenezwa kwa siri. Wakati wa mavuno ya kahawa fedha huingia mikononi mwa watu kwa pamoja. Kijana aliyechuma kahawa kwa kibarua hushika fedha yake mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza, na kilabu cha pombe hakiko mbali.

Mzazi wa visiwani anaweza kuubadilisha mfano huo kwa hali ya kwake bila ya taabu. Badala ya lori ataweka jahazi au boti. Badala ya komoni ataweka kete ya unga au msokoto wa bangi. Badala ya kilabu ataweka maskani. Mtumishi wa Serikali aondokaye nyumbani asubuhi na kurudi amechoka, na mkulima ashindaye shambani kutwa, wote wawili huwaona watoto wao kwa muda mfupi, na wote wawili wanahitaji kujua la kutazama katika muda huo.

Vitu vinavyowafikia vijana

Vitu vinavyotumika zaidi na vijana wadogo ni vile vinavyopatikana kwa urahisi na kwa fedha kidogo.

(a) Pombe. Hii ndiyo huanza kwa wengi, kwa kuwa mtoto huiona katika sherehe na wakati mwingine nyumbani kwao. Pombe kali katika mifuko midogo ya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Zambia ilikuwa imeshakataza mifuko kama hiyo mwaka 2012, ambako iliitwa tujilijili. Sababu ya makatazo hayo ilikuwa wazi: mfuko ulikuwa wa bei ndogo na uliweza kufichwa katika mfuko wa sare ya skuli. Pombe kali za chupa ndogo bado zipo madukani, kwa hiyo mzazi asidhani kwamba hatari imekwisha.

(b) Bangi. Huvutwa kama sigara, na wakati mwingine huchanganywa katika keki na biskuti, kiasi kwamba mtoto anaweza kuila bila ya kujua. Iko pia aina kali zaidi iitwayo skanka.

(c) Heroini, yaani unga. Ilianza kuenea katika mwambao wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Huvutwa, huchanganywa na bangi katika msokoto uitwao kokteli, au hudungwa kwa sindano. Kuchangia sindano hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

(d) Mirungi. Ni halali katika nchi jirani ya Kenya, lakini ni marufuku katika Tanzania.

(e) Dawa za hospitali na vitu vya matumizi ya kawaida. Katika fungu hili zimo dawa za usingizi kama valiamu, dawa za maumivu kama tramado, dawa za kikohozi zenye kodeini, pamoja na gundi na petroli zinazonuswa. Mtoto huweza kuvipata vitu hivi kabatini, dukani au gereji.

Kwa nini kijana hudhurika zaidi

Ubongo wa binadamu haumalizi kukua utotoni. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa hadi kiasi cha umri wa miaka 25. Sehemu zinazohusika na furaha na msisimko hukomaa mapema zaidi. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anaweza kuwa na hamu ya mtu mzima bila ya kuwa na breki za mtu mzima. Kileo kikiingia katika ubongo ulio katika hali hiyo, huufundisha kukitegemea haraka zaidi. Aanzaye akiwa na miaka 13 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtegemezi kuliko aanzaye akiwa na miaka 21.

Mzazi akilijua hili ataelewa kwamba kijana anayesema anaweza kuacha wakati wowote apendao, hasemi uongo kila mara. Huamini hivyo kweli, na hilo ndilo linalomfanya ahitaji mtu mzima wa kumtazama.

Dalili za kutazamwa

Dalili zimegawika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mabadiliko ya mwenendo. Kijana hubadilisha marafiki kwa ghafla na hataki wapya waonekane nyumbani. Huchelewa kurudi, na maelezo yake hayalingani. Maendeleo yake skuli hushuka, au hutoka nyumbani na sare na skuli hafiki. Michezo aliyoipenda huiacha. Huwa mkali kwa jambo dogo, kisha hupoa kupita kiasi. Fedha ndogo ndogo hupotea nyumbani, kisha vitu: simu, redio, viatu vyake mwenyewe, debe la mahindi au gunia la kahawa.

Fungu la pili ni dalili za mwili, na hizi hutofautiana kwa kadiri ya kitu kinachotumika:

(a) Pombe: harufu mdomoni, au wingi wa peremende na dawa ya meno kwa ajili ya kuificha, macho mekundu, kuumwa kichwa na kutapika asubuhi.

(b) Bangi: macho mekundu, kucheka bila ya sababu, njaa ya ghafla, usahaulifu, uvivu, na harufu nzito katika nguo.

(c) Heroini: mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano hata mahali penye giza, kusinzia akiwa amekaa au amesimama, kujikuna, sauti nzito na kupungua mwili. Anapoikosa hutokwa na kamasi na machozi, hupiga miayo, huumwa viungo na huharisha. Vijana huyaita mateso hayo arosto, na wazazi wengi huyadhania kuwa ni mafua au malaria.

(d) Mirungi: kukosa usingizi na hamu ya chakula, kuzungumza sana, kisha huzuni na uchovu.

(e) Gundi na petroli: harufu katika nguo na pumzi, vidonda kuzunguka mdomo na pua, kuyumba kama mlevi.

Fungu la tatu ni vitu vinavyoonekana chumbani au mifukoni: karatasi za kusokotea, karatasi za fedha za sigara zilizoungua, vijikaratasi vilivyokunjwa vidogo sana, mabomba ya sindano, chupa tupu, vitambaa vyenye harufu ya petroli, na vidonge visivyoandikwa na daktari.

Tahadhari kabla ya kuhukumu

Dalili moja haitoshi kumtia mtoto hatiani. Kijana anayebaleghe hubadilika tabia hata bila ya kileo. Kupungua mwili na kukohoa kunaweza kuwa kifua kikuu. Usingizi wa mchana unaweza kuwa malaria. Ukimya wa ghafla unaweza kuwa msiba wa rafiki, mateso anayoyapata skuli, maradhi ya akili yanayoanza, au mtoto kudhulumiwa na mtu mzima ambaye anaogopa kumtaja.

Linalotakiwa kutazamwa ni mkusanyiko wa dalili kadhaa, zinazodumu kwa wiki kadhaa, kwa mtoto ambaye hakuwa hivyo zamani. Wazazi wanashauriwa kulinganisha wanayoyaona, kwa sababu mara nyingi mama anajua la fedha, baba anajua la marafiki, na bibi anajua saa aliyorudi. Kila mmoja akikaa na chake, picha haikamiliki. Ikiwa shaka inabaki, mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe. Asifuatiliwe kwa uvumi wa mtaani.

Mazungumzo ya kwanza

Mazungumzo ya kwanza yana uzito kuliko yote yatakayofuata, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua kama kijana atasema au atajificha zaidi. Utaratibu ufuatao unashauriwa.

Kwanza, wazazi au walezi wakubaliane kabla ya kumwita. Baba akitaka kupiga na mama akitaka kuficha, kijana ataishi katika nafasi iliyo baina yao.

Pili, wachague wakati ambao kijana hajalewa na mzazi hana hasira. Kumkabili mtu aliyelewa saa sita za usiku hakuna faida. Usiku huo ahifadhiwe asidhurike, na mazungumzo yangoje asubuhi.

Tatu, mahali pawe pa faragha. Wadogo zake wasiwepo, wala majirani, wala wajomba waliokusanyika kama baraza la kesi.

Nne, mzazi aanze na aliyoyaona kwa macho yake, bila ya kumpa mtoto jina la mlevi au teja. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, wiki tatu hizi nakuona hulali, na juzi fedha ya mafuta imepungua. Sikukuita nikupige. Nataka kujua una nini." Kisha anyamaze. Ukimya wa mzazi ndio unaompa mtoto nafasi ya kusema, na mara nyingi jibu la kwanza si la kweli, bali la pili au la tatu.

Tano, kijana akikiri, aulizwe kwa utulivu: ni kitu gani, tangu lini, mara ngapi, pamoja na nani, na fedha hupata wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama ni jaribio la siku moja, mazoea, au utegemezi unaohitaji tiba.

Sita, mzazi aweke masharti machache yanayoweza kusimamiwa: saa ya kurudi, marafiki wa kuachana nao, fedha kupitia mkononi mwa mzazi, na siku ya kukutana tena kuzungumza. Masharti yakivunjwa, adhabu iwe ile iliyotajwa, isizidi wala isisamehewe kila mara. Upole usio na masharti kijana huuona kuwa ni udhaifu, na masharti yasiyo na upole huyakimbia.

Mambo ya kuepukwa

(a) Kupiga. Kipigo humfundisha kijana kujificha vizuri zaidi. Hakiondoi hamu ya kileo, na kwa mwenye arosto huongeza maumivu juu ya maumivu.

(b) Kumfukuza nyumbani. Kijana aliyefukuzwa Isansa hana safari ndefu ya kufika Tunduma, ambako malori yanahitaji vibarua na hakuna wa kumuuliza amelala wapi. Kijana aliyefukuzwa Unguja huishia maskani au bandarini. Katika mahali pote pawili atapokewa siku hiyo hiyo na watu wale wale ambao mzazi alitaka aachane nao.

(c) Kumfunga minyororo au kumfungia chumbani. Jambo hili ni dhuluma, na pia ni hatari kwa uhai wake. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akiikosa kwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, na kupata kifafa ndani ya siku chache. Kuachishwa kwa namna hiyo kunatakiwa kufanyike chini ya uangalizi wa hospitali.

(d) Kulipa madeni yake kwa siri. Mzazi anayelipa kila deni bila ya kuuliza humgharimia mwanawe kileo bila ya kujua.

(e) Kumhamishia kwa ndugu wa mbali bila ya kueleza sababu. Tatizo husafiri pamoja naye, na mwenyeji huligundua akiwa hana habari yoyote.

(f) Kumwacha aache skuli. Kila siku ya masomo ni siku yenye ratiba na watu wazima wanaomjua. Wazazi wanashauriwa kumwendea mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha mapema na kwa ukweli.

Hatua za dharura

Mtu aliyetumia kileo kupita kiasi anaweza kufariki usingizini. Dalili za hatari ni kuwa haamki anapoitwa na kutikiswa, pumzi zinakuwa chache au za kukoroma kwa kukatika, midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu au kijivu, na mwili unakuwa wa baridi. Hatari huwa kubwa zaidi pale pombe inapochanganywa na unga au dawa za usingizi, kwa kuwa vyote hupunguza nguvu ya kupumua.

Katika hali hiyo mgonjwa alazwe ubavu ili akitapika asipaliwe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja. Asipewe maziwa, maji wala chakula, wala asimwagiwe maji ya baridi. Desturi ya kumwacha "alale pombe imtoke" imegharimu maisha ya watu. Mhudumu wa afya aelezwe kwa ukweli kitu kilichotumika, kwa sababu tiba ya heroini si tiba ya pombe.

Tahadhari ya pekee inatolewa kuhusu gongo na vinywaji visivyojulikana asili yake. Vinaweza kuwa na mithanoli, ambayo ni sumu. Mtu akilalamika kwamba anaona ukungu, ana maumivu ya tumbo na anapumua kwa kasi saa kadhaa baada ya kunywa, asingojewe hadi asubuhi. Kuchelewa kunaweza kumpofua au kumuua.

Msaada unakopatikana

Mzazi wa kijijini aanze na kituo cha afya kilicho karibu na Afisa Ustawi wa Jamii. Kwa wananchi wa Isansa na Mkoa mzima wa Songwe, hospitali kubwa ya rufaa iliyo jirani ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo tokea mwaka 2017 imekuwa na kliniki ya methadoni. Katika Unguja huduma hiyo ilianza mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ndiyo iliyotangulia nchini, mwaka 2011.

Methadoni ni dawa ya kunywa inayotolewa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na hamu ya heroini, na humwezesha mgonjwa kurudi katika kazi na masomo. Ifahamike kwamba dawa hiyo ni kwa walioathirika na heroini na jamii yake tu. Haitibu utegemezi wa pombe wala bangi, ambao tiba yake hutegemea zaidi ushauri nasaha, uangalizi wa daktari na msaada wa familia. Zanzibar pia zimo nyumba za upataji nafuu, ambamo waliokwisha kuacha huwasaidia wanaotaka kuacha.

Wazazi wajiandae kwamba mtu anaweza kuacha kisha akarudia. Kurudia ni sehemu ya kawaida ya maradhi haya, kama homa inavyoweza kurudi kwa mgonjwa anayetibiwa. Anayerudia arejeshwe katika tiba. Asitangaziwe kwamba ameshindikana.

Kwa ushauri na taarifa zinapatikana namba mbili za simu zisizolipiwa. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na hufanya kazi Bara na Zanzibar. Namba 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Bara, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2015. Kwa upande wa Zanzibar chombo husika ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, na Sheha wa shehia anaweza kumwelekeza mwananchi namna ya kuifikia.

Kuzuia ni bora kuliko kutibu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara inakataza kumuuzia mtoto pombe au sigara, na mtoto kwa maana ya sheria ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini sheria haiwezi kusimama peke yake pale ambapo mtu mzima mwenyewe humtuma mtoto dukani akamletee sigara au kilabuni akamchotee pombe. Mtoto aliyetumwa mara mia hana sababu ya kuamini kwamba mara ya mia na moja ni haramu kwake.

Kila nyumba inaweza kuanza na mambo haya: dawa za hospitali zifungiwe, na zilizobaki zirudishwe, watoto wasitumwe kununua kileo chochote, kijana anayefanya kibarua asaidiwe kupanga matumizi ya fedha yake, familia ile chakula pamoja angalau mara moja kwa siku, na wazazi wawajue kwa majina marafiki wa watoto wao na wazazi wa marafiki hao. Mazungumzo kuhusu vileo yaanze kabla mtoto hajafika miaka 12, kwa lugha ya kawaida, bila ya kungoja hadi pawe na kosa. Wakuu wa kazi nao wanaombwa kumpa nafasi mtumishi anayeomba ruhusa ya kumpeleka mwanawe kliniki, kama wanavyompa mwenye mgonjwa wa maradhi mengine.

Hitimisho

Muuzaji wa dawa za kulevya hutegemea mambo mawili ili afanikiwe: kijana mwenye haja na mzazi mwenye aibu. Serikali inaweza kumkamata muuzaji, na jirani mwema anatakiwa kumtolea taarifa. Aibu haikamatwi na Polisi, huondolewa na mzazi mwenyewe siku anapoamua kuuliza. Kwa hiyo wazazi wote, wa visiwani na wa Bara, wa mjini na wa mashambani, wanahimizwa wasingoje uhakika usio na shaka. Atakayeona dalili leo azungumze na mwanawe wiki hii, na akishindwa peke yake aende akaombe msaada. Udongo uwahi ungali maji.